Nguruwe wa maonyesho: hesabu kurudi nyuma

Umeuliza ni lini mwanao wa miaka 12, aliyejiunga na klabu ya vijana ya 4-H huko Iowa, Marekani, anunue nguruwe wa kumshindanisha kwenye maonyesho ya kaunti, na kama atajifunza lolote zaidi ya kulisha.

Shika tarehe ya maonyesho, uhesabu kurudi nyuma. Nguruwe mdogo wa kilo 25 huongeza takriban gramu 800 kwa siku, kwa hiyo kufika kilo 120 atahitaji siku kama 120. Chakula kadiria kilo 3 kwa kila kilo anayoongeza, yaani karibu kilo 285. Akitoka nje ya uzito uliowekwa na kaunti anaweza kukosa mnada wa kuuza wanyama wa maonyesho, kwa hiyo apimwe kila wiki 2, macho hudanganya.

Zaidi ya kulisha, atajifunza kuweka kumbukumbu, na wengi hukwama kwenye daftari. Mtoto aandike siku ileile: kilo za chakula, bei, dawa na tarehe. Dawa hasa! Siku za kusubiri zilizo kwenye lebo zisipoisha, mnyama hafai kuchinjwa.

Mazoezi ya kutembea yaanze wiki 6 kabla, dakika 10 asubuhi au jioni, maana nguruwe hajipozi kwa jasho. Fimbo iguse ubavu kidogo tu. Akipigwa mgongoni au pajani, nyama inavilia damu. Uwanjani nguruwe abaki kati ya mtoto na jaji.

Bei ya mnada msiichukulie kuwa faida halisi: wanunuzi wengi huongeza ili kuwatia watoto moyo. Apige hesabu ya pili kwa bei ya soko.