Bamia za asili: mbegu huchanganyika ua likiwa wazi, si wakati wa kuvuna

Mkuu, umeuliza kwa nini bamia zako nyekundu za asili msimu huu zimetoka rangi tatu tofauti, na kama aliyekupa mbegu alikudanganya. Hakukudanganya. Umesema mwenyewe kuwa msimu uliopita tuta la pili lilikuwa na bamia za kijani. Tatizo lilianzia hapo.

Ua la bamia lina sehemu ya kiume na ya kike, linajichavusha lenyewe, ndiyo maana wengi wetu tunaamini mbegu yake haiharibiki. Lakini lile ua ni kubwa, la njano hafifu lenye moyo wa zambarau iliyokolea, na nyuki wanalipenda sana. Linafunguka asubuhi, jioni limeshanyauka. Saa hizo chache zinamtosha nyuki kutoka kwenye kijani na kuingia kwenye nyekundu. Na tunda lenyewe halikuonyeshi chochote, kwa sababu ganda ni la mama, linabaki jekundu vilevile. Kilichochanganyika ni mbegu iliyomo ndani, utakuja kuiona msimu unaofuata.

Yalinikuta hayo hayo. Nilikuwa na aina moja fupi, nene, yenye mbavu nyingi, nikaipanda karibu na ndefu ya kawaida. Mbaya zaidi, mbegu zote nilizokuwa nazo nilizimwaga shambani siku moja. Ile nene sijaipata tena, na inaniuma mpaka leo. Tangu hapo sipandi mbegu zote. Lazima nibakize akiba.

Siku hizi jioni napita kwenye tuta kutafuta tumba litakalofunguka kesho. Utalijua tu: limevimba, limerefuka, na nchani njano imeanza kuchungulia. Nalivika kifuko cha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, nafunga kwenye kikonyo bila kukaza. Kesho yake jioni, ua likishanyauka, natoa kifuko na kufunga uzi wa rangi hapo hapo kwenye kikonyo ili mtu asije akalichuma kwa ajili ya mboga. Huhitaji kupaka chavua kwa mkono.

Kosa jingine ninaloliona sana ni kutoa mbegu kwenye yale matunda yaliyosahaulika chini ya majani mpaka yakakomaa. Hayo hukuyachagua, yamekuponyoka tu. Chagua miche mapema: iliyowahi kuzaa, ambayo matunda yake yanachelewa kuwa na nyuzi, na majani yake hayana mishipa ya njano, maana hiyo ni dalili ya ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Chagua kadhaa, usitegemee mmoja. Ujue tu kwamba mche ukibeba matunda ya mbegu unapunguza kuzaa, kwa hiyo itenge, na mingine endelea kuichuma kila baada ya siku mbili. Tunda la kula huwa tayari siku 4 hadi 6 tu baada ya ua.

La mbegu liache mcheni mpaka likauke, liwe kahawia na mbavu zianze kupasuka. Ukilitikisa litalia. Vaa glavu, vile vinyweleo vinawasha kweli. Mbegu zianike kivulini kama wiki moja zaidi, kisha zitie kwenye chupa kavu yenye jina na mwaka.

Hiyo michanganyiko yote uliyonayo ni chakula kizuri, ila usiweke mbegu yake hata moja. Kama umebakiza zile mbegu ulizopewa mwanzo, hata kijiko kimoja, ziloweke usiku kucha maana ganda lake ni gumu, uzipande kina cha sentimita 2 pale pale zitakapokulia, kwa kuwa mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Hazitaota zote, lakini hata miche mitano inatosha kuanzia upya. Umebakiza?