Hemoglobini 19 sio damu nzuri, mpelekeni mzee

Pole dada. Umesema mzee wako hapo Kirumba ana hemoglobini 19, kichwa kinamgonga na akishaoga maji ya moto anawashwa mwili mzima, halafu majirani wanamwambia ana bahati damu imejaa. Hapana jamani. Damu ikizidi inakuwa nzito, inaganda kwenye mishipa, hapo ndo mtu anapata kiharusi. Mjomba wangu alianza hivyohivyo akapewa dawa za mzio miezi kibao.

Mpelekeni hospitali ya Bugando mwombe aonwe na daktari wa damu, atamuuliza sigara na kukoroma usiku maana navyo vinapandisha, kisha kuna kipimo cha mabadiliko ya jeni ya JAK2, wagonjwa kama 95 kati ya 100 wa polisaithemia vera, yaani ugonjwa wa mwili kutengeneza damu kupita kiasi, wanayo. Tiba ya ugonjwa huo ni kutolewa damu, kama vile anachangia, mpaka hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ishuke chini ya asilimia 45, na aspirini kidogo ila asianze mwenyewe, daktari aangalie kwanza vidonda vya tumbo. Waliovuka miaka 60 huongezewa dawa ya hidroksiyurea, ileile ya wenye siko seli. Juisi ya rosela na vidonge vya kuongeza damu aache leo, na akilegea upande mmoja msisubiri asubuhi.