Nipokee hela ya kangomba?

SWALI: Mikorosho yangu iko kwenye maua, na ada ya chuo ya binti yangu, shilingi 150,000, inadaiwa mwezi huu. Mnunuzi wa kangomba (biashara ya korosho nje ya mnada rasmi) yuko tayari kunipa hela yote leo, nimlipe kilo 150 msimu ukianza. Nikubali? – Mama wa Tandahimba

JIBU: Usikubali, mama. Hapo utakuwa umeuza kilo kwa 1,000 kabla ya mnada wowote, na kangomba imepigwa marufuku. Tena deni ni la kilo: ugonjwa wa ubwiriunga ukiunguza maua, bado utadaiwa zote 150, na utazinunua kwa jirani.

Kwanza nenda chuoni, omba kulipa kwa awamu, upewe maandishi. Kinachobaki kopa kikoba: kwa riba ya asilimia 10, ukichukua 80,000 unarudisha 88,000 basi, hata mvuno ukiwa mdogo.

Marejesho usiyapange Oktoba, msimu ukianza. Malipo hayaingii siku ya mnada. Msimu wa 2018 serikali ilinunua kwa 3,300 kwa kilo, bei nzuri kweli, lakini wapo waliosubiri hadi mwaka uliofuata. Omba Januari. Hela ya salfa, dawa ya ubwiriunga, usiiguse. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia.