Jibu: Walinzi wa pwani ni jeshi au si jeshi?

Mkuu, umeuliza kama walinzi wa pwani wa nchi huhesabiwa kuwa jeshi. Inategemea ni nchi gani.

Marekani ni jeshi kamili kisheria, vita iwepo isiwepo. Kinachowachanganya watu ni wizara: tangu 2003 wako chini ya Usalama wa Ndani, si Ulinzi. Lakini Douglas Munro, aliyeuawa kwenye kisiwa cha Guadalcanal, Bahari ya Pasifiki, Septemba 1942 akiwaokoa askari wa Marine kwa boti, alikuwa mlinzi wa pwani, na alipewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi.

Utamu uko hapa: wana bunduki za jeshi na pia mamlaka ya kukamata kama polisi. Manowari ya jeshi la majini la Marekani ikikutana na boti ya dawa za kulevya, wanaopanda kuikagua na kutia watu pingu huwa ni walinzi wa pwani waliobebwa humo, maana wanamaji wenyewe hawana mamlaka hayo.

Uingereza ni raia tu, kazi yao kubwa uokoaji. Kwetu Kenya, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya 2018 kiko Wizara ya Usalama wa Ndani, nje ya KDF, yaani jeshi la Kenya. Hivyo ukiona bunduki kwenye MV Doria, meli ya kikosi hicho, usidhani ni Navy (jeshi la majini).