Vipele vya mtoto mchanga: kwa wauguzi wanaoanza kazi wodini

Ninyi mnaoanza kazi katika wodi za waliojifungua hapa Kisumu mtaulizwa kila asubuhi, "Sista, hivi vipele ni vibaya?" Kabla ya kuvichunguza, mwangalieni mtoto mwenyewe. Mtoto asiyetaka kunyonya, aliyelegea, au mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi ni mgonjwa hata kama ana kipele kimoja tu, na daktari aitwe mara moja.

Vinavyowatisha wazazi zaidi hujitokeza siku ya pili au ya tatu: mabaka yenye kichwa kidogo cha manjano katikati, ambayo asubuhi yako kifuani na jioni yamehamia mgongoni. Hayo huisha yenyewe kwa takriban juma moja. Vitabu husema ni mekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mpelekeni mtoto dirishani penye mwanga na mpapase taratibu kwa kidole. Wengine huzaliwa na vilengelenge vyepesi vinavyopasuka mapema na kuacha alama nyeusi zenye ukingo wa magamba membamba. Navyo havina madhara. Harara tunaiona sana kwa sababu ya joto la huku ziwani na mazoea ya kumvisha mtoto kofia na kumfunika blanketi mbili, mpunguzieni nguo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja kuwa ni harara, bila kumvua mtoto fulana. Jioni mwenzangu alipomnyanyua mkono, kwapani mlikuwa na vipele vilivyojaa usaha, vingine vimekwisha kupasuka na kuacha ngozi mbichi kama iliyomwagikiwa chai ya moto. Alitibiwa akapona, lakini saa zile zilizopotea bado zinaniuma. Kagueni mikunjo yote: shingo, kwapa na kinena, kisha kitovu na ngozi inayokizunguka.

Msisubiri kabisa, mwiteni daktari, mkiona vipele vya usaha kama vile, malengelenge yaliyojikusanya pamoja, madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, au malengelenge viganjani na nyayoni, ambayo huenda yakawa ni kaswende. Hapo someni tena matokeo ya vipimo vya mama vya kliniki.

Mengine yote yaandikeni kwenye faili, mkitaja yalipo, idadi na saa, ili muuguzi wa zamu ya usiku aweze kujua kama yameongezeka.