Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Bega kwa Wanaopiga na Kurusha kwa Mkono wa Juu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mabega ya wanamichezo na vifaa vya kuyashikilia. Tumechagua tano, nazo zinajibiwa na mtaalamu wetu wa fiziotherapia.

Ndugu Mhariri, mimi ni mshambuliaji wa mpira wa wavu hapa Tanga, nina umri wa miaka 21. Miezi minne iliyopita bega langu la kulia, ambalo ndilo ninalopigia, lilichomoka nilipoanguka mkono ukiwa umenyooka nyuma. Lilirudishwa hospitalini na sasa sina maumivu. Dukani nimeonyeshwa mikanda ya aina mbili, mmoja wa kitambaa kinachobana tu na mwingine wenye kamba za kukaza. Ninunue upi?

Pole sana, ndugu yangu. Kabla hujatoa fedha yako, yafaa ujue mkanda unapambana na nini. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kikubwa, ilhali kishimo cha kombe la bega kinachokipokea ni kidogo na kina kina kifupi. Kinachokizuia kisitoke ni gegedu (tishu ngumu inayonyumbuka) iliyozunguka ukingo wa kishimo, kano, na misuli minne midogo inayokivuta ndani kila unapoinua mkono. Mabega mengi yanapochomoka, kichwa hicho hutokea kwa mbele, na mkao ulio hatari zaidi ni ule wa mkono ulioinuliwa pembeni na kupinduliwa nyuma. Hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo, kwa sababu mkao huohuo ndio unaouchukua kabla ya kuushukia mpira juu ya wavu.

Mkanda wa kitambaa kinachobana, ambao mara nyingi ni wa neopreni, yaani mpira laini wa viwandani, hutunza joto la misuli na humfanya mchezaji alihisi bega lake lilipo, jambo linalompa utulivu. Nguvu ya kulizuia bega lisichomoke ni ndogo mno, na muuzaji anayekuahidi vingine anakupotosha. Mkanda wa kamba ndio unaozuia kweli, kwa kuwa kamba yake hushika mkono wa juu, hupita mbele ya kifua na kuugomea mkono usiende nyuma kupita kiasi kilichopangwa. Gharama yake ni kwamba ukikazwa ipasavyo utakupunguzia mpindo wa nyuma unaokupa kasi ya pigo, na ukilegezwa ili upige vizuri, unakuwa umevaa pambo. Mzuiaji ambaye bega lake bovu ni la mkono asiopigia anaweza kucheza nao mechi nzima bila kukosa kitu. Wewe uliyeumia mkono wa kupigia huna raha hiyo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: ununue wa kamba ikiwa utautumia katika wiki za mwanzo za kurudi mazoezini, unapopokea, unapookoa mipira ya chini na unapojifunza upya kuanguka, na mtaalamu akupangie kamba zifungwe wapi. Siku ya kuanza kushambulia kwa nguvu isiamuliwe na mkanda. Iamuliwe na bega lenyewe: mkono uzunguke wote bila maumivu wala hofu, na nguvu zake zikaribie zile za mkono wa pili zinapopimwa. Isitoshe, vijana wa umri wako ambao bega limechomoka mara moja mara nyingi huchomokwa tena, hivyo muone daktari wa mifupa mapema umuulize kama gegedu ya ukingo imechanika. Ikiwa imechanika, mazungumzo ya upasuaji yana maana kuliko mazungumzo ya duka.

Kuhusu kipimo, usichague kwa urefu wala uzito wako. Zungusha futi ya fundi cherehani kifuani chini ya makwapa, kisha kwenye mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na jedwali lililo kwenye boksi, na uhakikishe kama mkanda ni wa kulia, wa kushoto au wa pande zote. Ukishauvaa, vidole viwili vipite chini ya ukingo wake bila kulazimisha. Uinue mkono mara kadhaa kama unayepiga. Ukiona mkanda unapanda shingoni, ni mkubwa. Ukiona vidole vinafa ganzi, vinabadilika rangi au kwapa linachubuka, umebana mno. Neopreni katika joto la pwani hutoa jasho jingi na baadhi ya watu huwatoa vipele, basi uvue mara tu mazoezi yanapokwisha na uufue. Neno la mwisho kwako ni kwamba kanuni za mpira wa wavu zinakataza kuvaa kitu kinachoweza kuumiza au kumpa mchezaji nguvu ya bandia, ingawa zinaruhusu vikingio laini vya kulinda jeraha. Mkanda wenye kifungo cha chuma uonyeshe kwa mwamuzi kabla ya mechi.

Mimi ni mwalimu wa michezo mkoani Singida na ninaandaa timu ya mpira wa mikono kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Shule imetenga fedha kidogo. Je, ni busara kununua mikanda mitano ya bega ambayo wachezaji wataazimana?

La, Mwalimu. Mkanda uliopimwa kwa mwenye kifua kipana haumfai mwembamba, na jasho la watoto watano katika kitambaa kimoja ni njia ya uhakika ya kugawana fangasi. Tena mchezaji ambaye bega lake halijawahi kuumia hana faida ya maana atakayoipata humo.

Fedha hiyo ukiielekeza kwenye misuli utavuna zaidi. Nenda kwa fundi baiskeli, umwombe mipira ya ndani ya tairi iliyokwisha kazi, uikate kwa urefu ipate kuwa mikanda, uioshe kwa sabuni. Funga ncha moja kwenye nguzo ya goli usawa wa kiwiko. Mchezaji asimame ubavu kuielekea nguzo, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kimebana taulo dogo lililoviringishwa ubavuni, avute mpira kwa mkono ulio mbali na nguzo, kutoka tumboni kwenda nje, polepole, kisha aurudishe polepole vilevile. Taulo likianguka, amedanganya, aanze upya. Hapo ndipo utakapogundua kwamba mrushaji wako mkali kuliko wote ndiye anayetetemeka kwanza, kwa kuwa kurusha hujenga misuli ya mbele na kuisahau ile ya nyuma inayopaswa kuufungia mkono breki baada ya mpira kutoka. Ongeza zoezi la kuvuta kwa mikono miwili hadi makombe ya bega yakaribiane mgongoni. Yafanyike mara tatu kwa wiki, na hesabu ya mipira inayorushwa kwa nguvu zote isipandishwe ghafla kwa sababu mashindano yamekaribia. Ninasisitiza hili la mwisho kwa kuwa walimu wengi hulijua na bado hulivunja.

Daktari, binti yangu ana miaka 14, tunaishi Nairobi. Tangu aone video za Julius Yego hataki mchezo mwingine ila mkuki. Sasa bega linamuuma juu ya mkono kila anaporusha, na mwenye duka la dawa amenipendekezea mkanda wa kubana. Nimnunulie?

Usimnunulie kwanza, mama. Hamu ya binti inaeleweka: Yego mwenyewe alijifunza mengi kwa kutazama video, kisha akatwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72. Lakini mtoto wa miaka 14 ana kitu ambacho mtu mzima hana, nacho ni tabaka laini la ukuaji karibu na kichwa cha mfupa wa mkono. Kurusha mara nyingi mno kunaweza kulivuta na kulijeruhi tabaka hilo, na maumivu yake huwa hasa pale unapopaeleza. Mkanda utayapunguza makali ya maumivu, binti ataendelea kurusha, na jeraha litazidi kukua chini ya kitambaa.

Aache kurusha sasa. Apelekwe hospitalini apigwe picha ya eksirei ya mabega yote mawili, ili daktari aweze kulinganisha. Ikiwa ndilo tatizo lenyewe, tiba yake kubwa ni mapumziko ya kurusha, ambayo aghalabu huchukua takriban miezi mitatu, kisha kurudi hatua kwa hatua. Wakati huo anaweza kukimbia, kuimarisha miguu na kiuno na kujifunza hatua za kukaribia mstari, na hiyo si kazi ya kumpoza tu, maana sehemu kubwa ya nguvu ya mkuki hutoka miguuni.

Zile plasta za rangi ambazo wachezaji wa ng'ambo hujibandika mabegani zinashinda mkanda? Mimi huogelea.

Plasta hizo zilibuniwa Japani na Kenzo Kase katika miaka ya 1970, na zilivuma baada ya Kerri Walsh wa Marekani kuonekana na plasta nyeusi begani akicheza wavu wa ufukweni katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Tafiti hazijaonyesha kwamba zinaongeza nguvu wala kuzuia jeraha kwa kiasi cha kutegemewa. Baadhi ya watu hupata nafuu ndogo ya maumivu kwa muda. Mazoezini bandika ukipenda. Mashindanoni uulize kwanza, kwa sababu kanuni za kimataifa za kuogelea haziruhusu plasta mwilini bila kibali.

Nilicheza wavu kwa miaka mingi hapa Mombasa na sasa ninacheza na wazee wenzangu. Mke wangu ameona nyuma ya bega langu la kulia, juu ya kombe, pamebonyea kama shimo. Hapaumi. Ila servisi yangu imepungua nguvu. Mkanda gani utanisaidia?

Hakuna, mzee wangu, na mke wako ana jicho zuri. Shimo hilo laweza kuwa dalili ya msuli wa nyuma ya kombe kusinyaa, jambo linalojulikana sana kwa wachezaji wa wavu. Mshipa wa fahamu unaouendesha msuli huo hupita katika njia nyembamba kwenye mfupa wa kombe, na mapigo ya miaka mingi huuvuta au kuubana hapo, na wakati mwingine kivimbe chenye majimaji ndicho kinachoukandamiza. Kwa kuwa mara nyingi hauumi, wengi huendelea kucheza bila kujua. Kitambaa cha juu ya ngozi hakiwezi kuufikia.

Mwombe daktari apime nguvu ya kupindua mkono kuelekea nje, bega la kulia kwa la kushoto, na umuulize kuhusu kipimo cha umeme wa misuli na picha ya MRI. Ikiwa kuna kivimbe, kinaweza kuondolewa. Ikiwa hakuna, mazoezi ya mpira wa baiskeli niliyomweleza mwalimu wa Singida yanakufaa na wewe, kwa mpira mwembamba zaidi, na servisi uipige kutoka chini kwa muda.