"Simple man" si tusi, ila angalia unavyoikata

Mkuu, umeuliza kama umemtukana mpagazi wako. Hapana, hujamtukana kwa kumwandikia mgeni kuwa ni "a simple man". Kinachoeleweka kwanza hapo ni mtu asiye na makuu. Tatizo ni ukiandika "he is simple" ukaishia hapo: Mwingereza, hasa wa umri mkubwa, anaweza kuelewa kuwa jamaa akili yake ni nzito. Matumizi ya zamani hayo, lakini hayajafa. Andika "humble" ulale usingizi.

Nafundisha Kiingereza waongoza watalii hapa Moshi, na kinachowachanganya zaidi ni "simple" na "easy". Chukua njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro. Ni "simple": imechongeka vizuri, unalala vibandani Mandara, Horombo, Kibo, huna pa kupotelea. Lakini sehemu ya kutoka Kibo usiku wa manane kupanda Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kokoto zinateleza na hewa haitoshi, nani ataiita "easy"? "Simple" inahusu kitu kutokuwa na mambo mengi, "easy" inahusu kutotoka jasho.

Kwenye chakula au nguo, "simple" ni bila mbwembwe. Kulinganisha ni "simpler" na "simplest", ingawa "more simple" nayo utaikuta.

Halafu "simplistic" usiitumie kusifia. Hiyo ni lawama, kwamba mtu kalirahisisha jambo mpaka kalipotosha. Mgeni akiandika maelezo yako ya mlima ni "simplistic", hajakupa nyota tano.